Siku Nilipoziba Matundu ya Nyumba ya Glenwood

Aibu hii ningeificha mpaka kaburini, lakini wakwe wenyewe wanaisimulia kwenye kila harusi, basi bora muisikie kwangu.

Nilikuwa nimepanga nyumba ya kizamani kule Glenwood, Durban, dari iko juu kabisa, madirisha marefu yanatazamana, baraza pana mbele la kuzuia jua, na juu karibu na dari kila ukuta una matundu. Sasa mimi mtu wa Bukavu (kwetu asubuhi unatoa moshi mdomoni kama mvuta sigara) tundu ukutani naona ni mlango wa baridi, tena aibu, kama nyumba ambayo fundi aliikimbia. Kwa hiyo siku wageni walipokuja kumposa binti yangu Furaha nikajaza magazeti kwenye matundu, nikatundika vitenge juu yake, nikafunga na madirisha majirani wasisikie habari za mahari, nikawasha feni.

Mke wangu akaniuliza, "Baba Furaha, joto la Durban unalijua wewe?"

Nikamwambia feni iko.

Mwaka ule umeme ulikuwa ukikatwa kwa zamu. Zamu yetu ikafika wageni wakianza tu kula.

Msemaji wao, baba mkubwa wa kijana, alivaa suti ya vipande vitatu (Mkongomani havui koti ukweni hata azimie), jasho likamtiririka mpaka ndevuni. Akaweka kijiko chini.

"Papa, kama hamtutaki, semeni. Mbona mnatupika kama mkate wa muhogo, chikwange, kwenye majani?"

Nikamwona Furaha mlangoni, machozi yanamlengalenga, nikapanda juu ya meza na viatu vyangu, nikavuta kitenge, nikavuta magazeti, meza ikateleza, nikashuka na vumbi la miaka yote na kukaa ndani ya bakuli la sombe, kisamvu chetu.

Mke wangu akafungua madirisha. Upepo ukaingia kutoka barazani, ukatupitia magotini, na lile joto likapanda likatokea juu, polepole, kama watu wanaotoka kanisani. Hakuna waya, hakuna mashine. Nikasahau hata nilichokalia, namwaza tu aliyeipanga nyumba ile.

"Nani alijenga hii?" mzee akauliza, amefumba macho.

"Simjui. Alikufa zamani."

"Alikuwa na akili huyo. Na aliyeziba?"

"Ni miye."

Ndipo wakacheka, mpaka Furaha.

"Binti tunamchukua," mzee akasema. "Sharti moja: nyumba watakayokaa hawa watoto usiiguse ukuta."

Nikaapa palepale, na mpaka leo nikienda kwao nakaa kitini, mikono kwenye magoti.