Mmarekani Aliyechora Mapengo

Masika ile nyumba yetu ya Ifakara ilinuka uji wa muhogo, maana mama aliutumia kubandika majalada ya magazeti ya Kimarekani ukutani, azibe nyufa. Alipewa na sista wa misheni. Yote yalichorwa na mtu mmoja, nami nikampenda bure: mtoto mwenye pengo anacheka, kinyozi anasinzia, mbwa anajikuna, hata kiraka cha suruali hakukisahau. Sista alinieleza kwamba bwana yule aliianza kazi hiyo akiwa kijana, na kwamba huwaita majirani zake, akawakalisha, akawachora walivyo. Sasa jaribu kumweleza hayo kaka yangu Beda! "Picha hupigwa, we mtoto. Nani achore nywele mojamoja hivyo, ana wazimu?" Nilibishana naye mpaka koo likanikauka.

Bibi alipokuja kututembelea kutoka Mchombe, nikaona nimempata wa kumkalisha. Lo! Sijui Mmarekani alipata majirani wa namna gani. Bibi akikaa, kuku wanavamia mpunga ulioanikwa, anainuka. Akirudi, anapita mtu njiani, lazima waamkiane mpaka habari za shamba ziishe. Nusura nilie. Mwishowe nikamchora kwa penseli, nyuma ya jalada lililobaki, akicheka na mapengo yake yote. Beda alitazama, akasema, "Ni bibi kabisa." Nikaruka kwa furaha, lakini bibi alikunja uso.

"Mbona umening'oa meno?"

"Bibi, si hayapo?"

"Hayapo, sawa. Nimekutuma ukayatangaze?"

Nikamwonyesha yule mtoto wa ukutani. "Huyo ya kwake yataota," akasema. "Mimi je? Nirudishie meno yangu, mjukuu wangu." Ungefanyaje? Nikamrudishia yote, yamepangana kama punje za mahindi.

Siku hizi naandika vibao vya maduka, na bado naota kuchora majalada. Bibi ametutoka, na hakuwahi kupigwa picha; ile ya penseli ndiyo pekee. Watoto wa Beda huuliza, "Shangazi, huyu mama ni nani?" Hata baba yao husita! Inaniudhi, jamani. Nawaambia ni bibi wa baba yenu, hawaamini. Basi naufunika ule mdomo kwa kidole, nawaambia watazame macho tu. Hapo ndipo anapocheka.