Siku Nilipowazimisha Simu Wageni wa Hitma

Jamani, habari hii kwetu Njombe nimeificha kabisa, mama yangu mpaka leo anajua mwanawe ni afisa kumbukumbu mwenye heshima zake huko Mtwara, na ningependa aendelee kujua hivyo hivyo. Ila hapa Mtwara, mtaani kwetu Chuno, sina cha kuficha, maana mtaa mzima uliisikia aibu yangu, tena kwa spika, na sauti iliyoitangaza ilikuwa yangu mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi. Mke wangu, Mama Elia, ni mwalimu wa hesabu sekondari, na mwaka ule ndiyo kwanza alikuwa amepewa utaaluma, yaani alama za wanafunzi shule nzima ziko mikononi mwake. Alama za kidato cha nne zilitakiwa ziwe zimeingia kwenye mfumo kabla ya saa kumi alasiri, na mfumo ukifungwa umefungwa, hakuna cha samahani. Shuleni umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake. Kwa hiyo akaamua kazi ifanyikie kwetu, yeye na mwenzake Mwalimu Chilumba, kila mmoja na laptop yake, na kompyuta yangu ya mezani iwe ya kuhakikia. Nikasema karibuni, intaneti ya nyumba hii mimi ndiye fundi wake (hakuna aliyenipa cheo hicho, nilijipa).

Sasa chini ya meza ya televisheni tuna visanduku viwili. Cheusi ni modemu, hicho ndicho kinachopokea intaneti kutoka kwenye waya wa kampuni, na cheupe ni ruta, ambayo inaigawa intaneti ile kwa kompyuta za ndani, nyingine kwa waya, nyingine kwa waifai. Asubuhi ile wakati napanga sebule ili wageni wasione vurugu, nikakuta ncha ya waya inaning'inia, waya wa zamani wa kompyuta ya chumbani. Nikatazama nyuma ya ruta, kuna tundu moja tupu. Na mimi nina ugonjwa, nikiona kitu sijui kazi yake mkono unaniwasha. Nikajiuliza, hivi nikiichomeka humu itakuwaje? (Ncha ya pili iko wapi, hilo sikujiuliza.) Nikachomeka, ikalia "tik" vizuri kabisa, na hapo hapo taa za ruta, ambazo siku zote huwaka kivivu, moja moja, zikaanza kupepesa zote kwa pamoja, haraka haraka, kama za ukumbi wa harusi.

Nikafurahi! "Mama Elia," nikaita, "njoo uone, leo kasi imeongezeka!"

Saa nne walimu wakakaa mezani, wakafungua laptop zao, na hakuna kilichofunguka. Kiduara kinazunguka tu. Kompyuta yangu nayo hivyo hivyo, simu nazo hivyo hivyo. Nikazima modemu, nikahesabu mpaka sitini, nikawasha. Nikazima ruta, nikawasha. Nikawapigia kampuni, dada wa huduma akaniambia kwa upole kwamba kwao anaona laini yangu ni nzima. Mwalimu Chilumba, mtu mtaratibu, asiyependa kelele, akasema, "Kwa nini tusichomeke laptop moja kwenye modemu moja kwa moja, tukaiacha ruta kando, tujue tatizo liko upande gani?"

Nikamjibu, "Mwalimu, hayo mambo ni ya kitaalamu, tuliza moyo." (Mungu anisamehe.)

Saa saba na nusu bado kiduara kinazunguka, na Mama Elia kanyamaza, na mke wangu akinyamaza ujue hali ni mbaya. Hapo ndipo nikachungulia dirishani nikaona turubai la jirani yetu, Bi Somoe. Ni mama mjane, mkulima wa korosho, shamba lake liko Nanyamba, na siku hiyo alikuwa na hitma ya marehemu mumewe. Watu wametoka Nanyamba, wametoka Ziwani, mikeka imejaa. Na mimi miezi michache nyuma nilikuwa nimemwandikia Bi Somoe namba ya siri ya waifai yangu kwenye kikaratasi, awe anaongea na mwanawe aliyeko Dar. Nikajipiga paji la uso. Kumbe! Watu wote wale na simu zao, namba ya siri imesambaa, intaneti yangu inaliwa pale mkekani!

Nikavaa shati, nikaenda. Nia yangu ilikuwa kumvuta kijana mmoja pembeni nimnong'oneze. Lakini dua ilikuwa ndiyo imeisha, ustadhi akaniona nimesimama kando ya turubai, akanikaribisha kwa mkono na kusema kwenye maikrofoni, "Jirani yetu Baba Elia naye amekuja, tumpe nafasi aseme neno." Na maikrofoni nikapewa.

Nikatoa pole, ilikuwa pole nzuri tu, na ningeishia pale leo ningekuwa mtu. Lakini nikakumbuka saa kumi, nikakumbuka kimya cha Mama Elia, nikajisikia nasema, "Na samahanini sana wazee wangu, nina ombi dogo. Wale mliounganisha simu zenu kwenye waifai ya kwangu, naomba mzime, maana inaliwa mpaka imeelemewa, na kuna alama za watoto zinasubiri."

Spika ile ilifika mpaka barabara kubwa. Mzee mmoja wa Ziwani akaingiza mkono taratibu kwenye kanzu, akatoa kisimu chake, akauliza kwa unyenyekevu kabisa, "Yangu hii ya tochi, baba. Nayo nizime?"

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyenitukana. Wakazima. Hilo ndilo lililoniua zaidi. Watu wazima, wastaarabu, mmoja baada ya mwingine, nasikia vimlio vya simu kuzimika kutoka mkeka huu kwenda mkeka ule. Nikarudi ndani nikakuta kiduara kinazunguka vile vile.

Na haikuishia hapo. Pilau ilikuwa inapikwa kwa shemeji yake Bi Somoe, upande mwingine wa mji, na gari lililoileta likapotea kwenye mitaa ya nyuma. Dereva anampigia huyu, hapatikani, anampigia yule, hapatikani. Karibu saa nzima watu wamekaa na njaa, na pilau yao inazunguka Chuno nzima.

Saa tisa kasoro, hodi. Bi Somoe, kanga kichwani, peke yake.

"Baba Elia," akasema, "hicho wanachokula wageni wangu kiko wapi, nami nikione?"

Nikamwonyesha visanduku. Akachuchumaa, akazitazama zile taa zinavyohangaika, akauliza, "Huu waya unakwenda wapi?" Nikamwambia unakwenda kwenye modemu. "Na huu?" Kwenye kompyuta. "Na huu?" Nikainama nami kuutazama. Yeye hakusubiri. Akaushika waya kwa vidole viwili akaanza kuufuata, nyuma ya kabati, chini ya zulia, kando ya kochi alipokaa Mwalimu Chilumba (akanyanyua miguu), ukazunguka, ukarudi, mpaka kidole chake kikagota kwenye ruta ile ile, tundu la pili tu kutoka alipoanzia.

"Mwanangu, huu waya hauendi popote," akasema. "Umetoka hapa umerudi hapa. Niuchomoe, au na nkono wangu nao utakula intaneti?"

Akauchomoa. Taa zikatulia, zikarudia uvivu wake. Muda si mrefu Mwalimu Chilumba akapiga kelele, mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia, "Imekuja!"

Baadaye nilisoma nikaelewa: habari ilikuwa inatoka tundu moja na kuingia jingine, ruta inaidhania ni mpya, inaituma tena, inarudi tena, mpaka kila kitu kinasongwa pumzi. Kinachonishangaza ni kwamba hilo unaweza kuligundua kwa vidole tu, na aliyeligundua hakuwa mimi.

Alama ziliingia zikiwa zimebaki dakika saba. Jioni, wageni wa Bi Somoe walipoondoka, nikaenda kuomba radhi. Alikuwa anakunja mikeka. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaingia ndani, akarudi na kikaratasi changu cha namba ya siri, bado kimekunjwa nilivyokikunja.

"Sijawahi kukitumia," akasema. "Hata sijui kinatumikaje. Nilikipokea kwa kuwa ulinipa kwa moyo mzuri. Ungekuja ukaniuliza ningekwambia."

Nikamsaidia kukunja mikeka iliyobaki. Siku hizi kitu kikikataa nyumbani kwangu naanza kutafuta kosa kwenye mikono yangu miwili, na mara nyingi silitafuti mbali. Nikilikosa humo, ndipo namwuliza jirani, tena mlangoni kwake, kwa sauti ya kumtosha yeye peke yake.