Wimbo wa Filamu Nilioutia Maneno Yangu

Mjukuu wangu alipochumbiwa na kijana wa Kitamil sikuwa na neno. Wakristo kama sisi, na kijana anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kilichonikera ni kusikia kwamba siku ya kutambulishana, pale ukumbini Kenton, huku ughaibuni tunakoishi, patapigwa muziki wa mashine tu. Kwetu Tanga mwari hatolewi na mashine. Anatolewa na wanawake wa kwao kwa sauti zao, na mtunzi nilikuwa mimi. Tulichukua wimbo wa filamu ya Kihindi, tukaacha maneno yake huko huko, tukatia yetu. Nani alijua Kihindi? Watu walitutunza pesa, basi.

"Bibi, hawa ni Tamil," mjukuu akaniambia. "Hawaongei Kihindi."

Haya. Nikamwagiza mchumba wake anitilie kwenye simu nyimbo za filamu za kwao. Nikazisikiliza wiki mbili hapa Hounslow, nakatakata mchicha. Nyingine zina ngoma mpaka mwiko unataka kucheza. Nyingine inaanza kama kanisani, inaishia kama ngoma ya mdundiko. Nikapata mmoja wa filimbi, wa taratibu, mwanamke anaimba kama anakunong'oneza. Nikasema ndio huu. Nikautia maneno: anatoka mwanangu, anatoka leo, fungueni mlango, mpokeeni.

Nikamwimbia mjukuu. "Nice, Bibi," akasema, macho kwenye simu. Hiyo "nice" yake bado inanikaa kooni.

Siku ikafika, nikasimama, binti yangu akaniitikia. Ubeti wa kwanza haujaisha, upande wa pili vijiko vimesimama hewani. Mama mkwe wa mjukuu kajiziba mdomo. Mimi nikadhani wameguswa, nikazidisha sauti! Ndipo mjukuu akaja mbio akanishika mkono.

"Bibi, basi, please. Mchumba wangu kaniambia sasa hivi, kwenye filamu huo unaimbwa mama akishakufa. Wanamtoa nyumbani kwenda kumzika."

Na mimi nawaambia anatoka leo, mpokeeni.

"Na wewe hukujua?"

"Sijawahi kuiona hiyo filamu."

"Na huyu aliyenitilia?"

"Alitia zote anazozipenda mama yake."

Nilikasirika. Wao niliwakasirikia, ndiyo, lakini zaidi nafsi yangu. Tanga maneno hatukuyajua, lakini filamu tuliiona. Tulijua wimbo huu msichana yuko bustanini, huu mtu anazikwa. Hapa nimesikia sauti bila picha, nikajifanya fundi. Na atakayekwenda kukaa na watu hawa ni mtoto wangu, si mimi. Kila akiingia jikoni kwa mkwewe watakumbuka bibi yake alivyoleta msiba kwenye uchumba.

Mama mkwe akainuka, akasema neno. Kijana akalitia Kiingereza, mjukuu akanitilia Kiswahili: "Anasema usiuache katikati. Malizia."

"Nimalizie mazishi?"

"Hapana. Anataka kujua maneno yako wewe yanaishaje."

Nikamalizia, binti yangu kaniacha peke yangu, anaangalia sakafu. Ubeti wa mwisho unasema mtoto huyu ni wenu sasa, akilia mnyamazisheni. Mjukuu akautafsiri kwa sauti ya chini, kijana akautia Kitamil. Mama mkwe akaja, macho mekundu, akamshika mjukuu mkono akamkalisha upande wao. Alipokelewa, hilo siwezi kulikana. Lakini kigelegele hata kimoja sikukisikia, na chakula kililiwa kimya kama cha matanga.

Sasa wananitaka nitunge wa harusi yenyewe. Nitatunga. Ila Jumamosi hao wachumba wawili watakaa hapa kwenye kochi langu, mchana kutwa, tutazame filamu nzima ya wimbo nitakaouchukua, tangu majina yanapoanza. Na atakayeshika rimoti aruke wimbo hata mmoja, asingoje pilau.