Kisu Kisicholala kwa Mwenyewe

Kwetu mlimani, Kabare, kulikuwa na kisu kimoja cha kukatia ndizi ambacho kila mtu alikijua. Kilikuwa cha mama jirani, mjane aliyekaa ng'ambo ya njia, mkabala na lango letu. Visu vingine vilikuwepo, hatukuwa watu wa kukata mikungu kwa meno. Lakini hicho kilikuwa kirefu, kimepinda kidogo nchani, na mpini wake umezungushiwa mpira wa baiskeli. Mhunzi aliyekifua alikufa kabla sijazaliwa, na wazee walisema alikufa na ujuzi wake.

Basi kisu kilizunguka. Mtu akitaka kukata ndizi za kukamua kasiksi, pombe yetu, alituma mtoto kwa mama jirani. Naye alikuwa anacheka tu.

"Kisu yangu ilishalala kwangu siku gani? Enda uangalie kwa bale ba kwenye kisima."

Ukienda kwenye kisima, unaambiwa kimepanda kwa katekista. Kwa katekista wanakwambia kimeondoka sasa hivi, hukupishana nacho njiani? Nilikuwa nakasirika mpaka natoa machozi, maana nilikuwa mtoto mwenye hasira na mpaka leo sijapona. Ila kukirudisha nilikupenda sana. Kwetu chombo cha mtu hakirudi mikono mitupu. Kilirudi na ndizi mbivu, au na maharage ya kuchemsha kwenye jani, au na kikombe cha mutobe, maji matamu ya ndizi kabla hayajachacha. Mama jirani alipokea kwa mikono miwili, akanikalisha kwenye kigoda, na kikombe tukakinywa wote wawili kwa zamu. Mama yangu alijua mchezo huo. Ndiyo maana alikijaza hadi juu.

Wao wawili waliolewa msimu mmoja. Waliletwa kwenye mlima ule bila kumjua mtu, na mama aliniambia kwamba walijuana kisimani, kila mmoja amekuja kulia peke yake akamkuta mwenzake analia. Tangu hapo walilima maharage pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule. Sisi watoto hatukujua vizuri mpaka uko wapi. Ukishikwa na njaa unaingia jiko lililo karibu.

Halafu migomba ikaanza kuugua. Majani yaligeuka manjano yakining'inia kama nguo zilizonyeshewa, ndizi ziliiva kabla ya wakati, na ukizifungua ndani ni nyeusi. Ukikata shina linatoa usaha. Ilianza kwake, kwenye shamba la mama jirani, ikavuka njia ikaja kwetu, kisha ikapanda mlima wote. Sijui kama mtu wa mjini anaelewa maana yake. Mgomba kwetu ulikuwa chakula, pombe, mahari, karo ya shule, kivuli cha maharage na kitanda cha marehemu. Tuliulilia kwa kweli. Papa, baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata siku ya kumzika mama yake, alisimama katikati ya shamba akalia.

Agronomu, bwana wa kilimo, akaja kutoka Bukavu na pikipiki. Alitukusanya kwenye uwanja wa kanisa Jumapili baada ya misa, akatuonyesha picha.

"Hii maladi inapita mu kisu," alisema. "Ukikata mugomba iko mugonjwa, kisha unakata ingine bila kuchoma kisu mu moto, ni weye mwenyewe unaipanda. Uchome mpaka iwe nyekundu. Na muache kupeana visu."

Alisema kweli, na nina hakika alitutakia mema. Lakini namchukia kidogo mpaka leo, kwa sababu alisema neno lile mbele ya watu wote akapanda pikipiki yake akaenda kula. Kila mtu alitazama miguu yake, na mimi nikajua kwamba wote tunafikiria kisu kimoja. Mama jirani alikuwa amekaa mstari wa mbele, na alikuwa wa kwanza kuondoka.

Kama ingeishia hapo ningesamehe mlima wote. Lakini watu wakipoteza kitu kikubwa hawatosheki na vijidudu visivyoonekana. Wanataka mtu. Walianza kusema chini chini: mbona ilianza kwake? Mbona anapenda sana kisu chake kiende kwa watu? Wakasema kikulacho ki nguoni mwako. Mwingine akatamka karuho, sumu ile ambayo kwetu ikitajwa, aliyetajiwa hapokewi tena kikombe. Watu walewale waliokuwa wanakimbizana kukitafuta kisu nyumba kwa nyumba! Wala hakuna aliyewaza kwamba sisi wote ndio tuliokitembeza, na kwamba ugonjwa tulipelekeana kwa wema, pamoja na maharage na mutobe.

Mama yangu hakuamini neno hata moja. Lakini Papa aliamini nusu, na katika nyumba ile nusu ya Papa ilitosha. Alishuka mjini, soko la Kadutu, akarudi na kisu kipya. Nyumba nyingine zikafanya vilevile. Hakuna aliyemtukana mama jirani, hakuna ugomvi wowote. Watoto tu hawakutumwa tena. Majani yakaota kwenye kinjia kati ya lango lake na letu. Jumapili, padri akisema tupeane amani, mama alimgeukia akamshika mikono miwili, na wakati mwingine walishikana mpaka padri ameanza sala nyingine. Walipeana amani ya Kristo miaka na miaka, lakini kisu hawakupeana tena.

Watoto wake wa kiume, kwa kukosa ndizi za kuuza, walienda Shabunda kuchimba dhahabu. Mmoja alirudi na kikohozi akaoa. Mwingine hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari zake.

Papa alipofariki nilimleta mama kwangu Bukavu, mtaa wa Muhumba. Nina nyumba ndogo, na nyuma ya jiko, ukutani, kuna mgomba mmoja nilioukuta pale. Mama aliufanya shamba. Aliumwagia majivu, aliusafisha, aliugombeza. Kila nilipotoka ofisini nilimkuta amekaa karibu nao anachambua sombe, majani ya muhogo.

Siku moja mwanamke anayetuletea maharage kutoka kwetu alisema mama jirani yu mahututi, haoni tena, wala hali chakula. Mama aliacha kuchambua.

"Unipeleke," aliniambia.

Nilimwambia barabara ni matope matupu, na kwamba magoti yake hayapandi hata ngazi za kanisa. Alisema tu, "Nilikuwa nangoya baba yako afe, alafu nikaogopa. Sasa mwenzangu akifa mbele sijaenda, nitamwambia nini kule?" Jumamosi nikakodi gari.

Gari lilikwama mara si moja, nikatukana barabara, serikali na dereva, kila mmoja kwa zamu yake. Mama alikuwa anasali rozari yake. Tulipofika, kinjia hakikuonekana kabisa. Tulipita kwenye majani, mimi nimemshika mama kiunoni.

Mkaza mwana wa mama jirani alitupokea mlangoni. Jikoni moto ulikuwa unawaka, na kando ya makaa nikaona mpini ule wenye mpira wa baiskeli, umelazwa kwenye jiwe, na chuma chote kiko ndani ya moto. Nilisimama hapohapo.

"Munakata ndizi?" nilimuuliza, kwa maana nyuma ya nyumba sikuona mgomba wenye mkungu.

"Ndizi ya wapi, dada?" alisema. "Ni maman. Kila asubui nachoma ile kisu mpaka iwe nyekundu, namupelekea anasikia moto yake na mukono. Zamani alikuwa nafanya mwenyewe. Anasema mutu akikuya kuiomba, asikute iko na ugonjwa."

Miaka yote ile. Kila asubuhi, mwanamke tuliyemwachia mzigo wa mlima mzima alikuwa anachoma kisu chake, asije akamdhuru mtu ambaye hakuja.

Mama alikuwa amesikia. Aliingia chumbani akiegemea ukuta, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Mama jirani alikuwa amebaki mdogo sana chini ya blanketi. Waliongea Mashi, lugha yetu ya mlimani, lakini mimi nawaandika kama tunavyosema Bukavu.

"Ni nani?"

"Ni miye. Wa ng'ambo ya njia."

Mkono wa mama jirani ukatafuta juu ya blanketi mpaka ukapata mkono wa mama. Nilidhani mama ataomba msamaha, nilidhani ataeleza habari za Papa na kisu cha Kadutu. Alikohoa, akasema kwa sauti ya mtoto aliyetumwa:

"Nimekuya kuomba kisu."

Yule mgonjwa alianza kucheka. Kicheko kilikuwa chembamba, kimechanika, lakini kilikuwa kilekile cha kwenye lango.

"Kumbe uko na mukungu?"

"Niko nayo. Mumoja. Nyuma ya jiko ya binti yako."

"Basi wakupe. Iko safi." Kisha akasema tena, polepole, "Iko safi, unasikia?"

"Nasikia," mama alisema. "Ilikuwa safi siku zote." Na hapo wakalia wote wawili, bila kujificha, nafikiri kama walivyolia kisimani. Mimi nilitoka nje nikasimama na dereva.

Nyumbani Muhumba mama hakutaka hata kula. Alienda moja kwa moja kwenye mgomba wake. Lakini chuma kilichochomwa moto siku nyingi kiasi kile kinakufa. Kisu kilikuwa laini, kilijikunja kwenye shina kama bati. Nilimletea kisu changu cha jikoni, akanitazama kama nimemtukana. Akakinyoosha kile kwa jiwe, akakata, kikajikunja, akakinyoosha tena. Jasho lilimtoka. Nilitaka kumfokea, nikashindwa, nikaushika mkungu kwa mikono miwili nikangoja. Jua lilikuwa limeelekea magharibi tulipoanza, na limeingia milimani mkungu ulipoanguka mikononi mwangu.

Tulizifunika ndizi kwa majani ndani ya pipa ziive, ili mama akamue mutobe. Kisu kitarudi na kikombe kilichojaa, alisema, na safari hii atakipeleka mwenyewe. Akakifunga kwenye kitambaa, akakiweka chini ya kitanda chake.

Asubuhi simu ikalia nikiwa navaa viatu vya kwenda kazini. Alikuwa mkaza mwana. Mama jirani amefariki alfajiri.

Nilienda kumwambia mama. Alikuwa ameshaamka, ameketi kitandani, na nadhani alinisoma usoni kabla sijafungua mdomo. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, kana kwamba hajui:

"Ile kisu ililala wapi?"

"Hapa, maman. Chini ya kitanda yako."

"Basi haikulala kwake," alisema.

Akajifunika uso kwa kitenge akalia. Nilivua viatu, nikakaa chini karibu na miguu yake. Baadaye nilienda kufunua pipa. Ndizi zilikuwa bado mbichi.