Hatua Kumi na Moja Nje ya Barabara

Shida zangu zilianza mwaka 1970, nikiwa na miaka tisa. Mama alikuwa ameshatangulia, na baba akafariki msimu wa kupandikiza mpunga. Nilikuwa darasa la pili. Kaka yangu, aliyenizidi miaka minane, alikuja mpaka mlangoni mwa darasa, akanishika mkono, tukaenda moja kwa moja kwenye majaruba. Shule sikurudi tena. Ninachokijua nimekijua kwa mikono, na anayetaka kunicheka kwa mwandiko wangu anicheke baada ya kunionyesha alichokijenga yeye.

Kaka ndiye aliyenilisha. Jembe la kwanza alinipa yeye, na ng'ombe niliotolea mahari walitoka kwenye zizi lake. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema mengine.

Kwetu Ikolo mvua za mwezi wa nne zikikolea, barabara inapotea. Huku majaruba, huku majaruba, katikati tuta la udongo lenye mfereji kila upande, na maji yakipanda vyote vinakuwa kitu kimoja cha rangi ya chai ya maziwa. Tuta liko chini, gari linaweza kupita, ila hulioni. Tangu zamani dawa yake ni watu. Gari likifika kwenye maji, wenyeji wanatoka majumbani na fito za mianzi, wanajipanga safu mbili, mmoja ukingo huu na mwingine ukingo ule, wanachoma maji mbele ya gari na kuita, "Hapa pagumu, njoo." Dereva anafuata katikati yao kama bwana harusi. Mwisho wa maji unawapa sukari au chumvi, au unawapakia bure siku ya gulio. Ndivyo tulivyoishi.

Mimi niliyaacha hayo. Nilipopata pikapu yangu ya milango minne, niliona uchungu kutembea mwendo wa kinyonga nyuma ya makalio ya watu. Nikanunua mjini kifaa cha GPS, kidogo kama kiberiti, kisicho na waya. Unakiweka juu ya dashibodi, kinashika setilaiti, halafu kinaipelekea simu habari kwa bluetooth. Kiangazi niliendesha polepole kutoka kwangu hadi kwenye lami, simu ikachora mstari wa safari yote. Mvua zilipokuja, kazi yangu ikawa moja tu, kuiweka ile nukta ya buluu juu ya mstari. Misimu miwili sikukosea hata tairi moja. Nilipitisha wajawazito, nilipitisha kakao, nilimpitisha mchungaji. Watu wakaniita Mzee Setilaiti, nami nikapenda. Wenye fito nikawaambia wakae majumbani mwao, wasilowe bure.

Msimu wa tatu, wiki chache kabla ya mvua kubwa, nilibandika tinti kwenye vioo vyote, cha mbele kikiwemo. Ile ya kung'aa kama kioo cha kujitazamia, mtu wa nje anajiona mwenyewe, wewe unamwona, yeye hakuoni. Nilikuwa nimeyaona magari ya wakubwa. Trafiki wa kunikataza hawafiki Ikolo.

Jumatatu moja asubuhi shemeji yangu, mke wa kaka, alikuja anakimbia, kitenge kimelowa mpaka kiunoni. Ngiri ya kaka ilikuwa imekaza tangu alfajiri. Ngiri hiyo alikuwa nayo miaka, akiisukuma kwa kidole inarudi. Siku hiyo ilitoka, ikawa ngumu kama ngumi, haikurudi, na alikuwa anatapika. Mganga wa zahanati alisema neno moja: apasuliwe leo, na mapema. Tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa mkewe.

Tulipofika kwenye maji, mtu mmoja alikuwa amesimama na fito. Alikuwa jirani wa kaka, mzee wa umri wetu. Shamba lake linapakana na la kaka, na walikuwa wamegombania mpaka tangu mvua za mwaka uliopita. Walikuwa hawasalimiani. Maji yalimfika magotini.

"Ugonile," akanisalimu. "Nani ndani?"

"Kaka. Ngiri."

"Basi nitangulie. Tuta limeliwa upande wa kule, jana limekatika."

"Toka njiani, mzee. Nina haraka na nina mashine."

"Mashine haijaloana bado," akasema, na akasogea pembeni.

Nukta ilikuwa inachezacheza. Ilitulia kushoto ya mstari. Nikakata usukani kidogo kwenda kulia ili nukta irudi juu ya mstari. Haikurudi. Nikakata tena. Kaka alisema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, unakwenda wapi?" Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu lililoeleweka. Tairi la mbele la kulia likakosa ardhi, gari likainama ubavu ndani ya mfereji, maji yakaingia mpaka kwenye viti.

Tulimtoa kupitia dirishani. Wanaume walikata mianzi, wakafunga machela, wakambeba kwenye maji yale mwendo wa saa mbili na zaidi. Bega la mbele la kulia lilikuwa la yule jirani, na hakupokewa njia nzima. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika kanga juu ya uso wa kaka. Alikata roho kabla hatujaiona lami.

Siku ya pili trekta lililivuta gari, na lilipokauka likawaka. Dashibodi haikuguswa na maji, kifaa kilikuwa kizima. Siku ya tatu tukamzika, pembeni mwa migomba yake.

Kwetu hapa mtu hazikwi kabla haijaelezwa namna alivyougua na alivyokufa. Mmoja wa familia anasimama mbele ya waombolezaji na kusema tangu mwanzo mpaka mwisho, ili asiwepo wa kuondoka na swali. Nilisimama mimi. Nilieleza ngiri, nikaeleza maji. Nilipofika kwenye mfereji, ulimi ukanipeleka nilikotaka. Nikasema, "Mashine hii imenivusha misimu miwili. Haijakosea hata siku moja. Siku hiyo imekosea, na imekosea mbele ya shamba la jirani yetu, akiwa amesimama majini na fito."

Sikuongeza kitu. Kila mtu alijua wamegombania mpaka. Wazee wetu wanaamini kinyongo cha majirani kinaweza kumlaza mtu au kumgeuzia njia, na vijana wanaojifanya hawaamini ndio waliokwenda jioni ile kukata migomba ya yule mzee. Mtoto mkubwa wa kaka, mtu mzima mwenye watoto wake, alimwambia mbele ya watu, "Jumapili isikukute hapa." Mzee alikuwa mjane, anaishi peke yake. Alikuwa analima shamba lile tangu ujana wake.

Alhamisi nilikwenda mjini kwa fundi simu aliyeniuzia kifaa. Watu wamenisifu baadaye kwamba nilikwenda kutafuta haki. Uongo. Nilikwenda kutafuta ushahidi kwamba kifaa kimechezewa, ili nikirudi niseme vizuri zaidi. Fundi ni mama wa Kiislamu, wazazi wake walitoka pwani, na duka la baba yake tulilijua tangu tukiwa vijana. Ana mdomo.

"Shikamoo, mzee. Pole sana na msiba. Umekuja na kifaa? Umekichaji?"

"Nimekichaji."

"Umekipa nafasi kushika? Maana nyinyi mnawasha sasa hivi, mnaondoka sasa hivi."

"Robo saa nzima."

Akakiweka juu ya stuli nje ya duka, kwenye uwazi, akafungua kwenye simu yangu ukurasa ambao sikuwahi kuufungua. Kulikuwa na vijiti vimesimama, kila kijiti setilaiti moja, kirefu kina nguvu, kifupi hakina. Tukavihesabu: kumi na viwili, virefu. Nukta ilikaa kwenye kizingiti cha duka lake kama imegundishwa.

"Hakina ugonjwa hiki," akasema. "Kilikuwa kinakaa wapi?"

"Ndani ya gari. Palepale siku zote."

"Na gari ni lilelile siku zote?"

Nikakichukua kifaa changu. Akaniangalia.

"Mzee wangu, usinipe jibu mimi. Nenda kwako. Kiweke nje, hesabu vijiti. Kiweke ndani, hesabu. Kisha toa kitu kimoja kimoja garini, kila ukitoa, hesabu tena. Usitoe viwili kwa pamoja, hutajua ni kipi."

Ijumaa nilifanya hivyo, peke yangu uani. Nje, juu ya kinu: kumi na moja. Ndani, juu ya dashibodi: vitatu, vifupi, na nukta ikaondoka uani kwangu ikaenda kukaa kwenye kakao ya watu. Nikapima kwa miguu umbali ule. Hatua kumi na moja.

Nikaanza kutoa. Chaja ya kwenye kiberiti cha gari, watu husema zinavuruga: nikaichomoa, vijiti vitatu. Nikazima injini: vitatu. Nikashusha chuma cha kubebea mizigo kilichokuwa juu ya paa, kazi iliyonitoa jasho na damu kidoleni: vinne. Nikazima GPS ya simu yenyewe ili visigombane: vinne. Nikakihamishia kiti cha nyuma: viwili. Nikatoa mkono dirishani nikiwa nimekishika, na hapo hapo vijiti vikasimama kama askari. Tisa, kumi. Nikaurudisha mkono, nikapandisha kioo. Vitatu.

Nilikaa pale nikikitazama kioo. Nilijua tayari, lakini niliogopa, nikafanya kwanza mambo mengine. Nilifuta vumbi. Nilikunywa maji. Halafu nikaleta wembe, nikakwangua tinti mahali padogo, sawa na sahani, juu ya dashibodi. Saba. Nikakwangua mpaka nusu ya kioo. Kumi, na nukta ikarudi uani, ikakaa kwenye gari.

Jumamosi mapema nilirudi mjini kumuuliza yule mama, maana nilitaka kusikia kwa mtu. Nikampa kipande cha tinti kilichokunjamana. Akakiinua juani, akakipiga kucha.

"Hii ina madini ndani. Umelivisha gari baibui la bati, mzee. Setilaiti ingeonea wapi?"

"Kwa hiyo hakuna aliyekichezea."

"Aliyekichezea ni aliyebandika hii." Kisha akaona uso wangu, akaacha utani. "Pole, baba. Hukujua."

"Niliambiwa niende polepole nyuma ya mtu," nikasema. "Hilo nililijua."

Nyumbani kwa kaka waombolezaji walikuwa bado wamekaa kwenye mikeka. Nilisimama palepale niliposimama siku ya maziko. Niliwaeleza kama nilivyokueleza wewe, vijiti na wembe na hatua kumi na moja. Nikawaonyesha kipande cha tinti, kikapita mkono kwa mkono. Nikasema jirani yetu hakugeuza chochote, alikuja kutuongoza nikamfukuza, na kisha akambeba.

Mtoto wa kaka akasema, "Baba mdogo, kaa chini. Unajichafua bure kumsafisha mtu."

"Sikai."

"Basi unasema wewe ndiye uliyemuua baba?"

"Nasema niliyemwingiza mferejini ni mimi, na kosa nililibandika kwa mikono yangu."

Shemeji alikuwa hajainua kichwa. Kile kipande kilipomfikia, alikigeuza upande wa kung'aa, akajiona humo, akakiweka chini ya mkeka.

"Kwa nini ulibandika, shemeji?" akauliza.

"Ili gari lipendeze."

Mpaka leo ananijibu salamu tu. Wale vijana hawakurudi kwa mzee, Jumapili ikapita. Hakuna aliyekwenda kumwomba radhi kwa ajili ya migomba.

Nilikwenda mimi, Jumatatu. Hakunikaribisha ndani. Alileta kigoda, akakiweka uani, yeye akabaki amesimama. Mlangoni niliona vyungu vyake vya wafinyanzi wa Ikombe vimefungwa kwa majani makavu ya migomba, tayari kwa safari.

"Nimesema mbele ya watu wote," nikamwambia. "Hutaondoka. Hakuna wa kukugusa."

"Nimesikia. Ndaga," akanishukuru.

"Basi fungua mizigo."

"Nkamu, ndugu yangu, wewe umesema mara mbili. Mara ya kwanza wote walikuamini. Mara ya pili wanakuonea huruma. Unajua wanalala na ipi?"

Nilimwambia nitapanda upya migomba yake, kila shina lililokatwa.

"Migomba inaota yenyewe," akasema. "Siku ile ungenipa safari moja tu ya kwenda polepole. Nilikuwa sijamsalimia kaka yako tangu mvua za mwaka jana. Nilitaka tukifika lami nichungulie dirishani, nimsalimie."

Alikwenda Katumba Songwe kwa binti yake, kwa baiskeli mbili, moja ya vyungu na moja ya mabati. Mvua iliyofuata tulisikia amezikwa hukohuko. Sikuitwa. Shamba lake limeota magugu, na watu huniuliza kwa nini silichukui, maana binti yake hana nia nalo. Sitalichukua.

Sasa hivi maji yakijaa nasimamisha gari na kupiga honi. Wenye fito hawaji haraka kama zamani. Wengine wananitazama wakiwa barazani. Nasubiri. Akija mmoja, nafuata. Asipokuja, nashuka mwenyewe na mwanzi, nachoma ukingo mmoja, narudi, nachoma mwingine, nasogeza gari, nashuka tena. Nina miaka sitini na zaidi, na magoti yanauma.

Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vitano, bati la mgongo mpana. Nina majaruba ekari nne na kakao ekari mbili. Nina ng'ombe watatu na ndama. Nina mashine ya kukoboa mpunga, injini yake ya pili. Nina pikapu, vioo vyake vyeupe. Nina kifaa cha GPS, kipo kwenye mkebe pamoja na misumari. Nina fito mbili za mianzi, ndefu kuliko mimi. Nina mke mmoja, watoto sita, na kaburi la kaka, ambalo hulipalilia shemeji.