Mamba wa Mti

Baba alikuwa mchonga mitumbwi pale Lundo, kijiji chetu kando ya ziwa, lakini kazi iliyompa sifa kuliko zote ni mamba. Si pambo la kuuzia wageni. Alikuwa mamba wa mti, mkubwa kama wa kweli, wa kulengwa risasi.

Mamba wa kweli alikuwa amemchukua jirani yetu kwenye matete, akaletwa askari wa wanyamapori kuwafundisha mgambo wawili wa kijiji kupiga bunduki. Walianza na ubao wenye duara jeusi. Askari hakuridhika.

"Mnazoea duara," alisema. "Mamba akiwa majini anaonyesha macho na pua tu. Mzee, hebu tuchongee mamba."

Baba akachukua gogo alilolitenga kwa mtumbwi, akalichonga kwa tezo mpaka magamba ya mgongoni. Alimfungia mawe tumboni ili azame kiasi, akamfunga kamba kwenye kisiki cha ufukweni. Mbwa wetu walimbwekea siku nzima. Mimi niliyemwona akichongwa sikuthubutu kuoga upande ule.

Mama alitucheka. Miaka ile ya soko huria alikuwa ameanza biashara ya mitumba, na kila nguo aliifua ziwani kabla ya kuipandisha mnadani Mbinga. Alishinda majini kuliko wavuvi wenyewe. Kila asubuhi alimsalimia yule mamba: "Shikamoo, babu! Umeamkaje na risasi zako?" Siku nyingine alimrushia povu la sabuni machoni, nasi tukacheka mpaka mbavu zikauma. Mazoea yana taabu, lakini nani hukumbuka methali huku anacheka?

Mgambo walijifunza vizuri. Walimpiga yule mamba wa mti hata akajaa matundu, akaanza kuzama. Jioni moja baba na mgambo wakamvuta nchi kavu, wakamburuta hadi nyuma ya nyumba ili azibwe.

Asubuhi mama akatangulia na beseni lake. Nilikuwa uani nawasha moto. Baba alikuwa amekaa juu ya mamba wake, tezo mkononi. Wote wawili tulisikia kutoka ufukweni: "Shikamoo, babu!"

Kisha tukasikia ukelele mmoja.

Hatukupata mwili wa kuzika. Tulipata beseni, na magauni ya watu wa nchi za mbali yakielea. Matangani wapo walionong'ona kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Niliwachukia, na nawachukia hadi leo, ingawa wengine nao wameshakufa. Siku chache baadaye mgambo walimuua yule mamba wa kweli kwa risasi moja nyuma ya jicho, kama walivyofundishwa. Baba hakwenda kumtazama.

Hakushika tezo tena. Aliishi miaka mingi, akasahau hata majina ya wajukuu wake, ila swali moja halikumtoka.

"Mwanangu, jioni ile nilimwambia mama yako kwamba nimemtoa yule mamba majini?"

Nilikuwepo jioni ile. Mama alirudi mnadani amechoka, tukala ugali na dagaa, wakaongea habari za mvua, wakalala.

"Ulimwambia, baba," nilimjibu kila mara. "Alisahau tu."

"Eeh. Mama yako alikuwa msahaulifu," alisema, akajifunika blanketi.

Mama hakuwa msahaulifu hata kidogo. Nilimsingizia marehemu ili mzee apate usingizi.