Kisu Kwenye Kovu la Muundi

Kovu la muundi wangu wa kulia nililipata utotoni, chungu cha uji kilipopinduka. Lilikaa miaka mingi bila kunisumbua. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa fundi wa cherehani Kitale, lilipasuka katikati. Nilipaka mafuta, kisha dawa ya majani niliyoletewa kutoka kijiji cha Bokoli. Kidonda hakikufunga, kingo zake ziliinuka na kukakamaa.

Hospitalini, daktari Mzungu alikata kipande kidogo, kikapelekwa Nairobi kupimwa. Jibu lilikuwa kansa ya ngozi. Angeiondoa yote, alisema, lakini akikuta imefika mfupani, mguu ungekatwa chini ya goti. Nilikuwa nimejisomea habari za mwili wa binadamu, nikajua kwamba kwenye muundi ngozi na mfupa karibu vinagusana. Na cherehani yangu ilikuwa ya kukanyaga.

Siku ya upasuaji nililazwa mezani. Dresa, msaidizi wa daktari, alikuwa Mbukusu kama mimi, mtu wa rika langu la tohara. Nilipochomwa sindano ya ganzi, alinifasiria maneno ya daktari: "Ukisikia uchungu, sema. Usiruke tu."

Upande wa juu nilisikia kusukumwa, basi. Upande wa chini, penye kovu gumu, nilisikia kisu chenyewe.

Sikusema. Ujanani, nikiwa nimepakwa tope la mtoni, nilisimama mbele ya mtahiri, shangazi zangu wakitazama, bila kupepesa macho, na mwili wangu haukujua namna nyingine ya kukutana na kisu. Nilikazia macho msumari mmoja wa dari. Jasho liliniingia masikioni. Kidole gumba cha mguu kikaanza kutetemeka.

Dresa akaniinamia. "Ndugu, unamsimamia nani? Shangazi zako hawako hapa."

"Niko sawa."

"Sawa gani, na umelowa hivi? Mguu ukiruka, kisu kitapotea njia na kansa ibaki ndani. Hapa hupewi ng'ombe, bana!"

Nikasema: "Inauma."

Daktari alisimama papo hapo. Kovu, alieleza, huzuia dawa isienee. Alichoma tena, akangoja, akanigusa kwa ncha ya sindano. Sikusikia kitu. Sasa alikata polepole, kisha akachungulia ndani ya kidonda kwa muda mrefu. Nilimtazama dresa usoni.

"Haijafika mfupani," daktari alisema hatimaye.

Jibu la pili kutoka Nairobi lilisema kingo za nyama iliyokatwa zilikuwa safi, bila kansa.

Nilikwenda nyumbani Bungoma nikichechemea. Mjomba, aliyenipa ng'ombe siku ya tohara kwa kusimama bila kutikisika, aliuliza hata kabla ya kunisalimu: "Ulisimama vizuri?"

"Nilikuwa nimelala, mjomba. Na nilisema inauma."

Aliutazama mguu wangu kuanzia gotini mpaka vidoleni.

"Basi yule ng'ombe baki naye," akasema, akanisogezea kiti.